Karatasi Niliyotia Saini Laeken

Mama,

Wamekwisha kutoa jina lako mlangoni. Jumatatu mwenye nyumba alikuja na bisibisi, akafungua kile kibati cha kengele, akachomoa kikaratasi chako. Miaka tisa kilikaa pale: Madame Bisimwa. Jina la Papa, ambaye hakulala hata siku moja katika nyumba ile ya Schaerbeek, hapa Ubelgiji. Nilipokuuliza kwa nini usiandike jina lako la kuzaliwa, ulinijibu huku unatwanga majani ya sombe: "Niko bibi ya Bisimwa mbele ya Mungu. Yeye akisahau, Mungu hasahau." Sikukuuliza tena.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile walichonifundisha masista. Kile chetu cha nyumbani nimekijaribu mara mbili. Nikifika neno la tatu ninashindwa.

Nguo zako nimezigawa. Viatu vyako vyeupe vya kazi amevichukua Maman Odile, mwenzako wa kule nyumba ya wazee Etterbeek. Aliniambia Profesa bado anakuulizia. Kila asubuhi wanamweleza kwamba umekufa, na kila asubuhi anashangaa, "Ah, bon," kisha anageuka ukutani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi na hadithi zake? Mzee yule Mbelgiji alifundisha historia kwetu Bukavu kabla mimi sijazaliwa, na hakuna mtu mwingine pale aliyeweza kuzungumza naye Kiswahili. Ulimwogesha, ulimkata kucha, naye akakulipa kwa wake za mfalme wa Uingereza, yule aliyeoa mara sita. Jioni ukanipa mimi, jikoni, kama habari za mtaani. Yule wa pili, aliyeletewa mkata vichwa kutoka Ufaransa kwa sababu alikata vizuri kwa upanga, alikuwa amelelewa huku huku, Mechelen, alipokuwa msichana. Mimi nilifurahi alipokatwa. Nilisema, afadhali, si alimnyang'anya mwenzake mume? Ukaacha kijiko, ukaniangalia. "Furaha, na ule alikuwa mutoto ya batu. Tena aliacha mutoto mudogo."

Lakini wako alikuwa yule wa kwanza, Mhispania. Zaidi ya miaka ishirini katika ndoa, watoto wakamfia, akabaki na binti mmoja. Mfalme akasema ndoa ile haikuwa ndoa. Wakamhamisha nyumba hadi nyumba, zenye unyevu, wakamkataza kumwona binti yake hata alipougua, wakamwamuru ajiite mjane wa kaka yake mfalme, mume wake wa kwanza aliyekufa. Akakataa. Kila barua aliandika: Malkia. Ulisema neno hilo kwa Kifaransa, la reine, ukinyoosha mgongo kana kwamba ulikuwa umekaa naye.

Mama, sasa niseme.

Nilikuwa na miaka saba ulipofunga ndoa Bukavu. Mimi ndiye niliyeshika maua. Ninakumbuka Papa alivyokosea mkono wa kukuvisha pete, kanisa zima likacheka, ukacheka na wewe. Kisha vita, tukakimbia, parokia ikaungua na vitabu vyake vyote vya ndoa. Papa alitangulia Ubelgiji. Mimi aliniita kwa sababu cheti changu cha kuzaliwa kilikuwepo. Wewe alisema huna karatasi ya ndoa. Ulikuja mwenyewe miaka miwili baadaye, kwa njia ambazo hukuwahi kunisimulia, ukamkuta Laeken na mama mwingine.

Nilipofika miaka kumi na tisa Papa aliniita sebuleni kwake. Alitaka kufunga ndoa kanisani na yule mama, na padri alikuwa ameuliza habari za Bukavu. Wasimamizi wenu wote wawili walikuwa wamekufa. Nilibaki mimi. Karatasi ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa: kwamba mimi, binti yao, ninajua wazazi wangu waliishi pamoja tu, hawakufunga ndoa. Papa hakupiga kelele. Alisema: "Furaha, makaratasi yako ya kukaa huku inakamata ku jina yangu. Weye ndiyo unajua. Sinya, tumalize."

Nilitia saini. Yule mama aliniletea Fanta. Nikaipokea, nikanywa.

Mwaka uliofuata nilihamia kwako, na mtoto wao akazaliwa, Ketsia. Miaka saba nililala chumba kimoja na wewe. Uliniamsha kwa chai. Ulinisuka. Nilijiambia hujui, na hutajua.

Mpaka siku ile hospitalini, maumivu yalipokuwa yamepungua kidogo, uliponisimulia tena malkia wako. Mara hiyo ulifika mahali ambapo hukuwa umefika kamwe. Ulisema mfalme alimlazimisha binti naye atie saini karatasi, kwamba mama yake hakuwa mke. Binti alikataa, akakataa, kisha akaogopa, akatia. Mimi nilikuwa ninakupaka mafuta miguuni. Nilisimamisha mikono. Ukasema, macho yako juu darini: "Ule mama alikuwa na bahati. Alikufaka mbele ya mutoto kusinya. Hakuonaka."

Kisha ukaomba maji. Nikakupa maji. Mungu wangu, nilikupa maji tu. Siku nne baadaye ulikuwa umeondoka.

Papa alikuja kwenye mazishi, makaburini Evere, akasimama nyuma na mwavuli. Baada ya Misa nilikwenda ofisini kwa padri kuchukua karatasi zako, nikaona kitabu cha mazishi kimefunguliwa. Mbele ya jina lako walikuwa wameandika: célibataire. Hukuwahi kuolewa. Wewe. Na aliyeandika hakuwa na kosa. Alinakili kutoka kwenye faili lenye saini yangu.

Nilikwenda kwa Profesa. Sikujua nitafute nani mwingine. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi. Aliniambia kwamba miaka saba iliyopita ulimletea barua ya kanisa akusomee, kwa sababu Kifaransa cha ofisi kilikushinda. Barua ilikuuliza kama una pingamizi kwa ndoa ya Papa. Nakala ya karatasi yangu ilikuwa ndani. Profesa alikuambia upinge, aliahidi kukuandikia yeye mwenyewe. Ukamwambia: "Nikipinga, nitamufanya mutoto yangu muongo mbele ya batu." Ukaikunja barua, ukaendelea kumsugua mgongo. Hapo ndipo alipokusimulia habari za yule binti, na wewe ukamuuliza kama alisamehewa. Akajibu kwamba mama yake alikuwa amekwisha kufa, historia haisemi.

Miaka saba, Mama. Chai zile zote.

Nikamuuliza Profesa huyo binti aliishia wapi. Akasema alikuja kuwa malkia mwenyewe, na mara tu alipokalia kiti alitangaza sheria: ndoa ya mama yake ilikuwa halali tangu mwanzo. Nilitaka kushangilia. Mzee akainua kidole. "Ngoja. Alirudisha jina ya mama yake. Kisha akaanza kuchoma batu moto." Na mdogo wake, aliyezaliwa na yule aliyekatwa kichwa, alimfungia gerezani, mahali pale pale mama wa huyo mdogo alipouawa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa padri nikaandika upya. Nilieleza pete, mkono uliokosewa, maua, majina ya wasimamizi. Niliandika kwamba nilidanganya na kwamba nilijua ninadanganya. Nilitia saini. Wiki mbili baadaye padri aliniita nione kitabu. Amekata lile neno kwa mstari mmoja, ameandika juu yake: épouse de. Mke wa.

Nilidhani nitasikia uzito unashuka. Haukushuka.

Papa alipiga simu. Wamemwomba asisome tena masomo ya Misa, na ile ndoa yake ya Laeken imekuwa maneno midomoni mwa watu. Alisema, "Umeniua nikiwa muzima. Usikanyage tena kwangu." Nilimsikiliza akipumua mpaka alipokata. Ni baba yangu. Simlilii, lakini nimekuwa nikikaa na simu mkononi bila sababu.

Na Jumapili iliyopita, Mama, kitu ambacho sikukihesabu. Ketsia alinifuata kwenye ngazi za kanisa. Unajua sikuwahi kumsalimu vizuri mtoto yule. Miaka sita yote nilimpita kama kiti. Alikuwa peke yake, koti limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja juu upande mmoja chini. Akanishika mkono wa sweta, akaniita dada. "Yaya, bâtarde ni nini?"

Nilimuuliza nani amemwambia neno hilo la mwanaharamu. Akasema watoto wa katekisimu, wamelisikia kwa mama zao. Anadhani ni ugonjwa. Aliniuliza kama unaambukiza.

Ukweli wangu ndio uliomfikia pale, Mama. Nilikurudishia jina lako, na ncha yake nyingine ikamchoma mtoto ambaye hakutia saini popote. Nilipiga magoti pale pale, watu wanapita, nikafungua koti lake nikalifunga upya, kifungo kimoja kimoja, ili nipate muda. Kisha nikamwambia ni neno la watu wasiojua jina lako, na jina lako ni Ketsia, na mimi ni yaya wako, dada yako mkubwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia. Hakusogea. Na mimi sikuweza kumwinulia macho.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ulikwisha kunipa na mimi nikaunywa kila asubuhi bila kujua ni nini. Ninakuahidi moja tu. Jumapili nitakwenda kukaa kwenye benchi lao, kando ya Ketsia, hata Papa akinigeuzia mgongo, na kila Jumapili baada ya hiyo. Atakayelisema tena lile neno atanikuta mimi kwanza.

Pumzika, Mama, mke wa Bisimwa. Lala mahali pasipo na baridi.

Ni mimi, mtoto wako, niliyesinya.

Furaha