Bomba la Upepo la Zuhura

Jumanne, Nachingwea

Zimevunjika. Korosho zilizobanguliwa za mpwa wangu Zuhura zimeingia nzima kwenye bomba la upepo linalozipuliza kiwandani kwake, zimefika meza ya kuchambulia zikiwa chenga tupu.

Fundi aliyelifunga bomba alishauri tuzisukume polepole, kwa mafungu. Nikamcheka: "Kijana, mimi nimepuliza saruji kwenye mabomba miaka kumi! Upepo mkali ndio kazi."

Uongo. Nilibeba mifuko tu. Na saruji haina cha kuvunjika.

Zuhura akanisikiliza mimi, mjomba wake. Kiwanda ni chake, jasho lake.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. "Pole na kazi, mjomba," basi. Akamgeukia fundi: "Kaka, sasa niambie wewe, tufanyeje?"

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Wakazungumza kana kwamba sipo.