Risasi ya Pili

Dada Lorene,

Mama hajambo, na theluji ya Wyoming imeanza kuyeyuka. Naandika kwa mkono wa kushoto hapa hospitalini, usinicheke.

Mumeo Wendell atakuwa amekusimulia uwindaji wetu. Tulijificha mbalimbali vichakani, kila mmoja akipuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia ili koyote, mbweha wa huku, adanganyike aje tumpige. Niliposikia mlio wa filimbi yake nilidhani koyote keshakamata sungura, nikatambaa kuufuata. Mkahawani sasa wanamtania, "Wendell, si unasema damu yako inamjua koyote kabla ya macho?" Anawajibu, "Damu haikukosea, kitu kilikuwepo. Orrin ana bahati tu."

Hajawaambia kwamba asubuhi ile, garini, nilimuuliza kuhusu jicho lako lililovimba.

Risasi ya kwanza ilinipasua bega, mfupa ukatokeza kwenye koti. Hiyo nimemsamehe. Nikasimama wima, damu ikinichuruzika hadi kwenye buti, nikamwita kwa jina. Akaitika. Ndipo ikaja ya pili, ikaondoka na sikio langu.

Ukimaliza kusoma, ichome barua hii, uje kwa Mama. Chumba chako kina kuni za kutosha.

Mdogo wako,
Orrin