Ndege wa Kamba ya Nguo

Brendah, sikia ya leo.

Unakumbuka yule ndege mweusi wa mkia mrefu, aliyekuja kwa kamba ya nguo wiki tuliyomzika Baba? Mama humsalimia kila asubuhi: "Mzee, umeamka?"

Sasa mvua imeisha, mkia umemtoka. Amekuwa kahawia kama hao ndege wengine wanaomaliza wimbi yetu shambani.

Mama akakataza tusifukuze hata mmoja. "Mkimpiga yeye je?" Yeye!!

Leo ndugu yangu Barnabas amechoka, akarusha jiwe. Mmoja akaanguka. Kahawia tu.

Mama akamwokota, akamgeuza. Kwa mkia kumebaki unyoya mmoja mrefu, mweusi.

Hajalia hata. "Barnabas, chukua jembe. Baba yako hawezi lala nje."

Brendah, anachimba.