Kiuno cha Magauni ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Jaji kafanya tena! Mshonaji mwenzangu huyu – cherehani zetu zinatazamana, adhabu hiyo – tumempa jina la Jaji kwa sababu hukumu yake hutoka kabla ya kesi. Leo mteja kaleta sketi ipanuliwe kiuno. Jaji huyo, mdomo wazi: hongera shoga, miezi mingapi? Mteja kamjibu kuwa mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Kabeba sketi yake, kaenda zake.

Kichwa kile au boga? Kukisia kuna adabu yake. Sketi inabana, hilo umeliona. Watu hunenepa, hilo unalijua. Jumlisha, sogea hatua moja, simama. Moja! Yeye karuka mpaka wodi ya wazazi.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kaleta magauni matatu ya mama yapunguzwe kiuno. Zipu za mgongoni zitolewe pia, viwekwe vifungo vikubwa mbele. Eti siku hizi mama hapendi nguo pana. Mama! Anayeita nguo ya kubana soksi! Wifi hakukaa, hata maji kakataa, macho sakafuni.

Mama anakaa kwao, na huyu anamnyima chakula, hakuna lingine. Mchoyo tangu zamani. Na yule kaka yangu bwege akishashiba yeye, dunia nzima imeshiba.

Jaji kanong'ona, pengine mama anaumwa. Nimemwambia afunge bakuli lake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefumua gauni la kijani. Kumbe lilishapunguzwa mara mbili! Kwa mkono, uzi mweupe, mishono imepinda kama njia ya mlevi. Mkono wa wifi huo, nani mwingine anashona vibaya hivyo? Nikacheka peke yangu.

Halafu kicheko kikakatika. Mama ndiye aliyenifundisha sindano. Asingemruhusu wifi aguse nguo yake hata kwa pini. Mbona hakushona mwenyewe? Na vifungo mbele, tena vikubwa – hivyo ni vya mtu ambaye mikono haifiki mgongoni. Au anayevalishwa.

Tena mchoyo gani anayemnyima mtu chakula, kisha anakaa kumpunguzia nguo mara mbili, naye sindano haijui? Nilimhukumu wifi kwa kuwa simpendi, basi. Jaji mkubwa ni mimi. Pumbavu!

Ijumaa, 8 Machi

Kutwa natafuta sababu nyingine. Mama kaamua kupungua? Macho hayaoni tundu la sindano? Kila sababu naijaribisha: huku inabana, kule inapwaya. Jaji anakosea kila siku bila hata kutoka jasho. Mimi nataka kukosea mara moja tu, siwezi!

Naogopa. Nimemshonea mtu suruali miguu miwili ya kushoto.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimempigia kaka. Nipe mama nimsalimie. Kasema mama katoka, mzima kabisa, kaenda sokoni kwa miguu yake.

Nyuma yake namsikia wifi. Sauti ya chini, ya kubembeleza, sijawahi kumsikia nayo. Mama, fungua mdomo. Kidogo tu, mama yangu. Kijiko cha mwisho.

Kaka akakohoa, akapandisha sauti, akaanza kunieleza habari za sokoni. Nyanya zimepanda sana.

Nikamuuliza, na vitunguu je?