Magoti Yangu Msibani

Jumapili, Naguru

Sitatubu. Dada Joyce, kiongozi wetu, amenipigia simu kusema kwamba Jumatano nisimame mbele ya kikundi chetu cha maombi, sisi Wakenya, niombe msamaha. La sivyo nisiongoze tena nyimbo. Kosa langu? Nimempigia binadamu magoti.

Binadamu mwenyewe ni Nalongo, jirani yangu, aliyefiwa na mumewe juzi. Leo tulikwenda kumpa pole. Wenzangu walimpa mkono wakiwa wamesimama. Mimi nilimwona pale mkekani, macho yamevimba, nikapiga magoti kama wanawake wa huku wanavyosalimia. "Kitalo nnyo, nnyabo," nikasema. Pole sana, mama. Luganda yangu inaishia hapo.

Akanishika kichwa. "Kalibu, mutoto yangu. Kaa hapa na sisi."

Nikakaa. Wenyeji walisali kwa maneno nisiyoyaelewa, nami nikaitikia amina. Tangu nihamie Kampala sijawahi kusali hivyo, bila kutamani kuwa kwetu.

"Magoti ni ya Mungu peke yake," Joyce alisema kwenye simu.

"Na mjane ni wa nani?"

Akakata.

Naogopa, sitajidanganya. Kikundi hicho ndicho kilichonipokea nilipofika kutoka Kakamega sina mtu. Wakinitoa, Jumapili zangu zita...

Basi, na wanitoe. Jumatano hiyohiyo jioni kuna sala kwa Nalongo, na nimeshamwambia binti yake kwamba nitafika. Nitapiga magoti palepale mlangoni, anayepita barabarani anione.