Ghala la Wanawake

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Uji umechelewa, kuni zimelowa. Wanawake wamepika kwa moshi mtupu, macho mekundu.

Nimepanga vyoo upya. Wanaume wa mahemani watumie vya upande wa korona, ile mashine ya zamani ya kusindika mkonge. Wanawake wa ghalani watumie vya nyuma. Wamekubali. Kesho watasahau.

Ugomvi wa ndama tena. Wafugaji walikimbia maji na ndama wachache waliobaki, na wakulima wa bondeni wanasema ndama hao wanachafua sehemu ya kufulia. Kila upande umenijia kivyake kunilaumu kwamba naupendelea mwingine. Mimi ni Mzigua wa Sindeni, afisa maendeleo ya jamii. Nimeachiwa kambi hii kwa sababu mafuriko yalinikuta karibu. Sina upande. Nina viatu vilivyojaa tope.

Barabara ya Handeni bado imekatika. Ya Korogwe nayo. Tumekaa juu ya kilima cha shamba la mkonge lililoachwa, maji huku, maji kule. Mama kapiga simu, anauliza narudi lini. Nimemwambia karibuni. Uongo.

Jumanne, 14 Aprili

Hadija amekuja kuomba ahame ghalani aende hemani. Ni mjane, bado kijana, ana binti mdogo. Yuko hapa na baba mkwe wake, Mzee Omari, mwenye kidonda kibaya mguuni.

Nimeshangaa. Kila mtu analilia ghala. Lina bati, lina sakafu. Mahema yanavuja. Nimemuuliza sababu.

“Joto, dada.”

Joto gani? Mimi nalala kwenye ofisi ya zamani ya shamba na mablanketi mawili, na bado meno yanagongana. Nimemkatalia. Mahemani ni wanaume tu. Akasema haya, akaondoka bila kunitazama.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Maharage yameungua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimeambiwa.

Aliyeniambia ni Namnyaki. Mama mtu mzima wa wafugaji, wote wanamwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, hata Wazigua sasa. Amenikuta nikihesabu sabuni, akaketi juu ya boksi bila kukaribishwa.

“Wewe ndiye mkubwa hapa?”

Nikasema ndiyo.

“Basi kwa nini mlango unafunguliwa?”

Ghala linafungwa kwa nje kila magharibi. Ni agizo la ofisi, tangu mablanketi yalipoibwa. Kufuli linafungwa na Shomari, mkubwa wa mgambo wetu, watu wanamwita Kamanda. Funguo anakaa nazo yeye. Trekta pia iko mikononi mwake, na trekta ndiyo chombo pekee kinachopita kwenye tope hadi zahanati iliyo upande wetu wa maji.

Yeyo kaeleza: akishafunga, anarudi baadaye. Anafungua kidogo, anaita jina la mwanamke. Aliyeitwa anapelekwa kwenye nyumba ya pampu. Anayekataa, mgonjwa wake hapandi trekta.

Hadija ana Mzee Omari na ule mguu.

Nimeuliza ni wangapi. Yeyo akasema yeye hahesabu watu, watu si ng'ombe.

Nilidhani nalilinda ghala lile. Kila jioni nilipita pale kuhakikisha limefungwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimepanda juu ya tangi bovu, ndiko mtandao unakoshika. Nimempigia bosi. Nimemweleza yote, bila kutaja majina ya wanawake.

Akasema: “Sasa tukimwondoa, nani atalinda kambi?”

Nikaomba polisi waletwe kwa boti.

“Boti iko wapi, Mwantumu? Boti zote ziko kwenye uokoaji. Barabara ikifunguka utaandika ripoti, tutaishughulikia.”

Nikamwambia wanaendelea kuitwa hivi tunavyoongea. Akasema nitumie busara. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao.

Nimeshuka, nikaenda moja kwa moja kwa Shomari kudai funguo. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Ana sauti ya upole, hilo ndilo linanichukiza kuliko yote.

“Funguo nimekabidhiwa na ofisi, mama. Ukizitaka, waniletee barua.”

Nikasema najua anachofanya.

Akaangalia maji kule chini, akatema ganda la muhindi. “Barabara zimekatika zote. Sote tuko hapa hapa, mama. Wewe pia.”

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeogopa kutwa nzima. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ofisi ninamolala haina komeo. Nimeburuta meza mlangoni.

Hadija nimempata kwenye sehemu ya kufulia. Nimemwambia najua. Alisugua ile nguo mpaka nikadhani itachanika.

“Baba asijue,” akasema. “Akijua atakufa.”

Jumapili, 19 Aprili

Nimehamia ghalani. Nimebeba godoro langu kichwani mchana kweupe, kila mtu alione. Sina silaha nyingine. Siwezi kuzuia kufuli, lakini naweza kuwa ndani yake.

Magharibi likafungwa. Sikuwahi kulisikia kutoka upande huu. Ukisimama nje ni mlio mdogo tu. Ndani unaingia kifuani. Mtu hawezi kutoka kujisaidia. Moto ukizuka humu tumekwisha wote. Nilipita hapo nje kila jioni nikiwatakia usiku mwema!

Muda si mrefu, mlango ukafunguliwa kidogo. Akaita: “Hadija.”

Nikasimama mimi. “Hadija yuko na mimi. Sema shida yako.”

Akafunga. Usingizi ulichelewa, na yule binti wa Hadija akaniwekea kanga yake miguuni.

Jumanne, 21 Aprili

Hakuita mtu jana. Lakini trekta “imeharibika”.

Wagonjwa wamekaa foleni asubuhi yote kwenye manyunyu. Nimemwambia dereva awashe. Dereva anaangalia chini, anasema Kamanda kashasema. Mzee Omari hakubadilishwa dawa. Kidonda kinanuka.

Mchana wanawake wamenijia ghalani, kama kumi hivi. Wanataka nirudi ofisini kwangu.

“Ulipokuwa kule, wagonjwa walikuwa wanaenda,” mmoja akasema.

Nikamtafuta Hadija kwa macho anitetee. Akasema, “Dada, umetuongezea tu. Wewe maji yakipungua unaenda kwenu.”

Hakuna lililowahi kuniuma hivyo. Kwa sababu si uongo.

Nimefikiria kurudi. Nimefikiria kweli. Nimelikunja godoro. Halafu nikalikunjua.

Jumatano, 22 Aprili

Mjukuu wa Namnyaki anaharisha tangu jana. Leo macho yameingia ndani, akilia hakuna chozi. Tumempa maji ya chumvi na sukari, yanarudi. Nimekwenda kwa Shomari. Nimempigia magoti, ndiyo, magoti. Akasema trekta haiwaki, na itawaka siku nitakapotoka ghalani.

Basi tumembeba. Namnyaki alitoa shuka, tukaifunga kwenye miti miwili ya mkonge. Nilidhani tutakuwa mimi na wafugaji peke yetu. Hadija akaja, akashika mti bila kusema kitu. Halafu wale walionifukuza jana. Tope hadi magotini, kuna mahali hadi mapajani. Tulikuwa tunapokezana. Mwanamke wa Kerenge aliyekuwa akitukana ndama kila asubuhi ndiye aliyebeba muda mrefu kuliko wote.

Mtoto katundikiwa dripu. Muuguzi amesema tungechelewa kidogo tungempoteza.

Kurudi tulitembea polepole. Hakuna aliyezungumza, mpaka yule wa Kerenge akasema, “Kumbe njia inapitika.”

Ndipo wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Alhamisi, 23 Aprili

Magharibi wanawake hawakuingia ghalani.

Hawakuniambia mapema. Wameketi nje, wote, na watoto mapajani, kwenye manyunyu. Shomari kaja na kufuli. Akasema ingieni. Hakuna aliyeinuka. Akacheka, akasema tena. Wanaume wakaanza kutoka mahemani kuuliza kulikoni. Mzee Omari kaja akijikokota na fimbo.

“Hadija, mwanangu, mbona mnanyeshewa?”

Hadija akasimama. Nilitaka kumzuia, kumwambia si lazima, si hapa. Nilichelewa, au nilikuwa mwoga. Akasema kwa Kizigua, ili baba mkwe wake aelewe hadi mwisho. Alichofanyiwa, na nani, na wapi. Kisha akasema kwa nini. Akautaja ule mguu.

Mzee aliutazama mguu wake kama si wake.

Halafu mapanga yakatoka.

Mgambo wake wawili walitoweka. Shomari akakimbilia ofisini, nami nikamfuata mbio. Sijui niliamua saa ngapi. Nimemsukuma ndani, nikasimama mlangoni. Namnyaki akaja, akasimama kando yangu na rungu la mwanawe. Mbele yetu wakulima na wafugaji bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu kambi hii ianze.

Mzee Omari alikuwa wa mbele, kaazima panga.

“Mwanangu, toka hapo.”

“Sitoki, baba.”

“Unamlinda huyu?”

“Namlinda.”

Nimeona aibu kulitamka. Bado naiona. Ndani yule mtu alikuwa analia kama mtoto, na nilitamani kumpa kofi anyamaze. Nilimchukia kuliko walivyomchukia wao. Lakini watu wote wa kambi hii wako mikononi mwangu, na kwa bahati mbaya naye ni mtu.

Hadija ndiye aliyetuokoa. Akapita katikati yao, akamshika mzee mkono.

“Baba, ukimkata watakufunga wewe. Mimi nitabaki na nani?”

Mzee akaketi. Pale pale kwenye tope. Panga likabaki mapajani. Wengine walisimama muda mrefu, kisha mmoja mmoja wakachoka.

Nikamwacha Namnyaki mlangoni, nikapanda kwenye tangi. Nikamwambia bosi: wanataka kumuua Shomari.

“Mshikilieni hapo,” akasema. “Natuma watu.”

Ijumaa, 24 Aprili

Boti imefika asubuhi na mapema. Polisi wanne, mmoja mwanamke. Boti nzuri, ina injini mpya.

Kwa ajili yake boti imepatikana.

Wamempitisha katikati ya watu. Hakuna aliyemgusa. Mtu mmoja tu alitema mate, tena chini. Trekta imewaka mara moja, haikuwa na kasoro yoyote. Mzee Omari kapelekwa zahanati, hakutaka kupanda. Tulimpandisha kwa nguvu. “Nisingepanda,” alikuwa anasema njia nzima, dereva kaniambia. “Ningejua, nisingepanda hata siku moja.”

Nimelala mchana kutwa. Nimeamka nikiwa na hasira.

Jumanne, 28 Aprili

Maji yanapungua. Bosi kaja mwenyewe, na buti mpya. Amenisifu kwa kuwa na busara. Nimempa ripoti. Nimeandika pia nilimpigia lini na alinijibu nini. Aliisoma palepale, akaikunja. Akaniuliza kama nina hakika nataka sehemu ile ibaki.

Nikasema ibaki.

Akasema basi nisishangae nikipangiwa kwingine. Sishangai. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha.

Ijumaa, 1 Mei

Malori yameanza kubeba watu kurudi bondeni. Wengi hawana nyumba, ila wana mashamba, na tope hili litaotesha mahindi. Wafugaji wameondoka na ndama wao kuelekea nyanda za Handeni. Namnyaki kaniachia mkufu wa shanga. Hakunishukuru, alinivalisha tu, akaurekebisha shingoni kama ananiandaa kwa harusi.

Habari mbaya kutoka Korogwe: Shomari ameachiwa kwa dhamana. Kwao ni vijiji viwili kutoka kwa kina Hadija.

Wanawake wengine walioitwa hawataki kutoa maelezo. Mmoja ana mume Dar es Salaam. Mwingine alinishika mikono, akasema, “Niache, dada.” Nimemwacha. Amebaki Hadija.

Jumatano, 6 Mei

Korogwe. Tumefika mapema, tukakaa kwenye benchi nje ya dawati la jinsia, kituo cha polisi. Hadija kavaa gauni la kuazima. Mzee Omari kasisitiza kuja na fimbo yake, kisha akagoma kuingia ndani ya ua. Alisimama ng'ambo ya barabara chini ya kibao cha duka la dawa, akitutazama.

Hadija akaniuliza kama Shomari atarudi kijijini. Nikasema huenda. Nilitamani kusema hapana. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba alikuwa anajua, alitaka tu kuona kama nitamdanganya.

Hadija hatarudi kwa wakwe. Kaka yake yuko Misima, ana sehemu ya kujenga. Mzee atakwenda naye. Aliomba mwenyewe, kasema kama atakubaliwa.

Alipoitwa, tuliinuka pamoja. Mlangoni akasema niingie, lakini nisimsaidie kusema.

Nimeingia. Sikusema neno. Alisema kila kitu, kwa mpangilio, bila kulia. Yule askari wa kike wa kwenye boti aliandika taratibu, akamsomea, Hadija akasahihisha sehemu mbili. Akatia saini jina lote, herufi kubwa.

Nje jua lilikuwa kali. Akanawa uso kwenye bomba la uani, akajifuta kwa mtandio, akavuka barabara hadi kwa mzee. Sikusikia walichosema. Kisha akanigeukia.

“Dada, njoo tule.”

Tumekula wali, maharage na nyama kidogo kwa mama ntilie karibu na stendi. Mzee alimpa nyama yake. Hadija akaila yote.