Kaka, Nimeyaandika Majina ya Waliokataa

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia hapo ulipolala, lakini sijawahi kuzungumza nawe bila kuanza na neno hilo, na sitaki kulizoea jambo jipya leo.

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha, ili waisome na wenzetu wa Sepuka waliokuwa wakikuita Mmarekani. Walikuita hivyo kwa mzaha, na mimi mdogo wako nilicheka pamoja nao. Uniwie radhi kwa hilo kwanza, ndipo niendelee.

Uliporudi kutoka vita na Wajapani kule Bama, wenzako wa jeshi la Keya walileta saa na viatu. Wewe ulileta blanketi la jeshi, kikohozi, na kitabu kidogo cha shule chenye jalada la bluu. Mama alikigeuzageuza mkononi akauliza kinaliwa na mboga gani. Ulicheka mpaka ukashindwa kupumua. Kisha ukatueleza kwamba ulipewa na dereva Mmarekani, mtu mweusi kama sisi, ambaye lori lake lilikwama kwenye matope karibu na lenu kwa siku mbili. Mvua ilikuwa haikatiki, hamkuwa na la kufanya, akawa anakufundisha jinsi nchi yake inavyotawaliwa.

Mimi nilikuwa darasa la nane kwenye shule ya misheni. Likizo ile tulichunga pamoja kwenye mbuga iliyo chini ya kijiji. Ulikuwa ukisoma sentensi moja ya Kiingereza, nami naitafutia Kiswahili chake. Tulipofika kwenye majimbo arobaini na nane nikasema kwa majivuno kwamba hata sisi tunalo, Jimbo la Kati, na makao yake yako Dodoma. Ukatikisa kichwa. Ukasema jimbo letu ni mkono wa Gavana, anaunyoosha na kuukunja apendavyo. Kule Marekani majimbo ya mwanzo yalikuwepo kabla ya serikali kuu, na yenyewe ndiyo yaliyoizaa.

Sikuelewa. Basi ukaninyooshea kidole yule ng'ombe mwenye mabaka, aliyekuwa wa rafiki yake baba aliyeishi Mandewa.

"Huyu tumekabidhiwa," ulisema. "Maziwa tunakunywa, samadi tunatia shambani. Baba anaweza kumchinja?"

Nikasema hawezi.

"Na ng'ombe wengine wa yule rafiki yake wako wapi?"

Nikasema wako zizini kwake.

"Basi ni hivyo hivyo. Majimbo yameikabidhi serikali kuu kazi chache, zimetajwa moja moja. Ambayo haikutajwa imebaki kwa mwenyewe."

Ukanihesabia zilizokabidhiwa: vita, mapatano na mataifa mengine, sarafu, posta, na biashara baina ya jimbo na jimbo. Shule, polisi na mahakama za kila siku, na sheria za ndoa na mashamba, karibu yote hayo jimbo linajiamulia. Nilimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemchunga miaka mitatu, na sikujua kwamba nilikuwa nachunga katiba.

Unakumbuka ugomvi wa kisima mwaka ule maji yalipopungua mtoni? Wenye ng'ombe wengi walitaka zamu zigawanywe kwa idadi ya mifugo. Wenye wachache walitaka kila kaya ipate zamu sawa. Siku mbili watu hawakusalimiana. Wewe ukasimama ukasema tuhesabu kwa njia zote mbili, na mpango usiokubaliwa na hesabu zote mbili usipite. Mtu mmoja akasema, "Mmarekani ameanza," watu wakacheka, nami nikainama nikachora chini kwa kijiti huku nacheka. Lakini siku iliyofuata walifanya vile vile ulivyosema, bila kutaja ni shauri la nani.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa umetufundisha Kongresi, baraza lao kuu la kutunga sheria. Lina nyumba mbili. Katika Baraza la Wawakilishi, jimbo lenye watu wengi hupeleka wajumbe wengi. Katika Seneti kila jimbo lina wajumbe wawili tu, likiwa kubwa au dogo. Sheria haiwi sheria mpaka nyumba zote mbili ziikubali, kisha inakwenda kwa Rais. Rais akiikataa lazima airudishe na sababu zake kwa maandishi, na nyumba zote mbili zikiipitisha tena, kila moja kwa theluthi mbili, inapita bila yeye. Nilikuuliza kama Rais hawezi kuwafunga. Ulisema hawezi, na sauti yako ilikuwa kama ya mtu anayesifu ng'ombe wake mwenyewe.

Ila kuna ukurasa mmoja ulionisomesha mara tatu. Kila nyumba ya Kongresi huandika kitabu cha shughuli zake na kukitangaza, na moja ya tano ya waliohudhuria wakitaka, ni lazima yaandikwe majina ya waliosema ndiyo na ya waliosema hapana. "Wewe utakuwa karani," uliniambia. "Hapo pashike."

Sitaficha kwamba ulinieleza na ubaya. Ulimwuliza dereva yule mjumbe wake ni nani, akajibu kwamba yupo, lakini hakupigiwa kura na mtu mweusi hata mmoja, kwa kuwa jimbo lake limewafungia njia. Nguvu ile ile ya jimbo niliyoisifu ndiyo iliyomweka nje. Nilikuuliza mbona basi kitabu alikitunza kwenye mkoba wake mpaka Bama. Ulisema alikitunza kwa sababu kila anachodai kimeandikwa mle. Mpaka leo sijui kama jibu hilo linanitosha, lakini siwezi kuacha kustaajabia watu walioandika sheria inayoweza kuwadai wenyewe.

Kikohozi kilikuchukua mwaka nilioajiriwa. Hukuniona nimekaa kwenye meza ya karani wa baraza la Mtemi wetu, kwa hiyo nikueleze.

Katika baraza letu Mtemi akimaliza kusema, wazee hupiga makofi taratibu. Aliyezaliwa huku anajua maana yake: tumekusikia. Lakini karani aliyenitangulia, na aliyemtangulia yeye, waliwaandikia wakubwa wa boma la serikali hivi: "Wazee wote wamekubali kwa makofi." Nilikuta sentensi hiyo kwenye karatasi za zamani, nikainakili miaka miwili. Sijui wazee wetu wamekubali mambo mangapi kwa namna hiyo bila wao kujua.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa boma, kwamba mbuga ile tuliyochunga wewe na mimi ifungwe kiangazi kinachokuja ili majani yapumzike. Alitaka iwe sheria ya baraza lenyewe, isisemwe kuwa ni yake. Wewe unajua kiangazi bila mbuga ile ni nini. Wazee wanne kati ya kumi na watano walipinga. Wa mwisho alikuwa Mzee Ntandu, jirani wa baba, aliyesema hajawahi kuona ng'ombe anayesubiri majani yaamke. Mtemi akafunga shauri, makofi yakapigwa, nami nikaandika sentensi yangu.

Mzee Ntandu hajui kusoma. Aliutazama mkono wangu.

"Karani, mwanangu, hapo umeandika nini?"

"Nimeandika wazee wote wamekubali."

"Na mimi nimo kwenye hao wote?"

"Umo," mzee mwingine akamwambia, "tena umekaa mbele." Watu wakacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Moja ya tano ya kumi na watano ni watatu, na waliokataa walikuwa wanne. Nikasimama nikamwomba Mtemi ruhusa niandike jina kwa jina. Akaniuliza desturi hiyo nimeitoa wapi. Kaka, nilikuwa na ukurasa wako wote mdomoni, nikasema sijui, nimeona tu ni vizuri. Nilikukana tena, nawe huko kaburini. Mtemi akasema niandike kama nilivyozoea.

Asubuhi yake nilikaa kwenye mashine nikapiga chapa "wazee wote wamekubali", na nakala mbili. Nilizisoma. Nilifikiria kazi yangu, na baba, na mkeo na wanao wanaonitegemea. Kisha nikazichana zote tatu, nikaweka karatasi mpya. Niliandika majina manne chini ya neno "wamekataa". Majina kumi na moja niliyaandika chini ya maneno haya: "wamepiga makofi, maana yake wamesikia, hawakuulizwa kama wamekubali." Nikampelekea Mtemi atie sahihi.

Alisoma mara mbili. Aliniuliza kama najua nitafukuzwa. Nikamjibu najua. Hakutia sahihi, wala hakunirudishia karatasi. Aliwaita wazee siku ya tatu, akaniamuru niisome mbele yao, kisha akaniuliza upya, "Desturi hii ni ya nani?"

Safari hii nilisema ni ya Wamarekani, na kwamba alinifundisha kaka yangu. Nilitaja jina lako na la baba. Hakucheka mtu.

Mtemi akawauliza mmoja mmoja. Tisa walikataa, sita walikubali, na kila mmoja alisubiri aone kalamu imeandika ndipo akae. Kisha Mzee Ntandu akauliza, kwa adabu kabisa, na Mtemi je?

Karani hakufundishwa afanye nini na kalamu wakati kama ule.

"Niandike kwa waliokubali," Mtemi akasema. "Mimi nimewekwa na boma, siwezi kusema vingine. Lakini uniandike peke yangu, pembeni. Usiwaweke wazee nyuma yangu."

Nikaandika. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote nilizomtumikia.

Jibu la boma limekuja juzi kwenye karatasi mbili. Ya kwanza inasema mbuga isifungwe mpaka Bwana Shauri aje mwenyewe kuzungumza na wazee. Ya pili inasema karani ahamie baraza la Kintinku mwanzo wa mwezi. Sababu haikutajwa. Nimeisoma hiyo ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza, wewe unanijua. Labda ni adhabu, labda ni kazi tu. Usingizi unanipita, na kila tarishi akiingia nadhani amenifuata mimi.

Nchi ile sijaiona, na sidhani kama nitaiona. Najua kitabu kinaweza kusema vizuri na watu wakatenda vingine. Dereva wako alikuwa shahidi. Lakini nimeona kwa macho yangu ukurasa mmoja tu wa taratibu zao ukiwekwa katikati ya wazee wa Sepuka, na watu waliozoea kuandikwa "wote" wakawa na majina. Ndiyo maana nakusifu, na walioandika ukurasa ule nawasifu pia.

Jana nilikwenda kumuaga Mzee Ntandu. Aliniuliza kama wazee wa Kintinku wanajua wanavyoandikwa na karani wao. Nikasema sijui.

"Basi uwasomee," akasema.

Ndiyo kazi ninayokwenda nayo, kaka, na ninaiogopa. Siku ya kwanza nikikaa kwenye meza yao, kabla sijafunga daftari, nitasimama niwasomee nilichoandika.

Pumzika, kaka yangu. Mkeo na wanao nitawatunza nikiwa mbali kama nilivyowatunza nikiwa karibu.

Ni mimi mdogo wako,
karani.